Vipokezi vya homoni: kinyama kilichoharibika hudanganya

Ndugu Mhariri,

Hoja kwamba saratani ya utumbo mpana nayo ipimwe vipokezi vya homoni (protini za seli zinazopokea ujumbe wa homoni), kama ya titi, inakwenda mbio kuliko ushahidi. Kwenye titi majibu huamua nani apewe tamoksifeni, dawa inayozuia estrojeni, homoni ya kike. Kwenye utumbo, bado hayaamui dawa yoyote.

Ni kweli kwamba katika utumbo wenye afya kipokezi kikuu cha estrojeni ni beta, kinachotokana na jeni ya ESR2, na kwamba hupungua kadiri seli za saratani zinavyopoteza sura zao za asili. Ni kweli pia kuwa jaribio kubwa la Marekani lilionyesha mwaka 2002 kwamba wanawake waliotumia vidonge vya estrojeni pamoja na projestini, homoni nyingine ya kike, walipata saratani hii kwa uchache. Uchambuzi wa 2004 ukaonyesha upande wa pili: wachache waliougua walikutwa ugonjwa umesambaa zaidi. Anayeuza vidonge hivyo kama kinga anaficha nusu ya habari, na bado hajagusa saratani ya titi iliyoongezeka katika jaribio hilohilo.

Lakini tatizo kubwa ni kinyama chenyewe, yaani kipande cha mwili kinachopelekwa kupimwa. RNA, nakala za jeni ambazo maabara husoma, huanza kuharibika mara damu inapokatika, na joto la Dar es Salaam huharakisha. Formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, hupenya takriban milimita moja kwa saa. Utumbo uliotumbukizwa kwenye ndoo bila kupasuliwa, kinyesi kikiwa ndani, huoza katikati huku nje ukionekana mzuri. ESR2, ambayo nakala zake ni chache tangu mwanzo, haisomeki, na mtu anaandika “jeni imezimwa”.

Utumbo upasuliwe kwa urefu, usafishwe, uzamishwe ndani ya saa moja katika formalini ya asilimia 10 yenye bufa (kizuia asidi), ujazo mara kumi ya nyama. Isiyo na bufa hugeuka asidi na kukatakata RNA. Maji ya chumvi hayahifadhi kitu! Kipande chenye afya cha kulinganisha na uvimbe kiwe utando wa ndani tu, bila msuli.

Maabara nayo isitegemee jeni ya GAPDH peke yake kama kipimo cha ulinganisho, kwani hupanda katika uvimbe mwingi. Kingamwili za beta, zinazotumika kuitambua protini hiyo kwenye kinyama, zichaguliwe kwa hadhari: mwaka 2017 watafiti walijaribu 13, ikaaminika moja tu.

Mgonjwa mwenye fedha ya kipimo kimoja cha ziada aulizie protini za kurekebisha DNA, maana hizo hubadilisha tiba.

Wataalamu wa patholojia,
Dar es Salaam