Petroli ya magari yenye turbo isichanganywe kwa kubahatisha

Mhariri,

Wengi wetu tunaoendesha Subaru zenye turbo zilizotoka Japani hupuuza kibandiko kilicho ndani ya kifuniko cha tangi, kinachoagiza petroli ya okteni ya juu (okteni ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kujiwasha yenyewe), ambayo kwa kiwango cha huko haipungui 96. Turbo hushindilia hewa ndani ya silinda, joto hupanda, na petroli hafifu hujiwasha yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Ndiyo ile sauti ya kokoto zinazotikiswa koponi unapopanda mlima kwa gia kubwa.

Kuchanganya si kosa: lita 20 za okteni 91 na lita 20 za 98 hutoa takriban 94.5. Ninachopinga ni ushauri wa fundi mmoja aliyenitaka nitie petroli ya ndege ndogo, ambayo kwa kawaida ina madini ya risasi (hilo hakulitaja), nayo huharibu kihisi cha oksijeni, kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi wa injini. Ethanoli nayo huongeza okteni, ila injini isiporekebishwa ili ipokee mafuta mengi zaidi, hewa huzidi.

Naomba vituo viandike namba ya okteni kwenye kila pampu, badala ya majina ya kibiashara pekee.

Msomaji,
Nakuru