Jina la tovuti liwe la shule, si la fundi

Mhariri,

Salaam. Mimi ni mzazi huku Kisauni na pia ni katibu wa chama chetu cha akina mama. Nimeona niandike kwa sababu haya mambo ya tovuti yanatumaliza pesa na watu wanaona haya kusema.

Shule yetu ilichangisha, kila mzazi akatoa mia tano, tukamlipa kijana mmoja 45,000. Akatutengenezea tovuti nzuri wallahi, picha zinapita zenyewe, na mahali pa mzazi kuingia aone matokeo, mpaka anwani tukaiandikisha kwenye bango la geti. Miaka miwili baadaye simu yake haishikwi, tovuti haifunguki, kuuliza tunaambiwa jina lile lilisajiliwa kwa imeili yake yeye binafsi na ada ya mwaka hakulipa. Yaani shule haikuwa na chake. Pale getini tumepaka rangi nyeupe juu ya ile anwani lakini jua likipiga herufi bado zaonekana kwa chini, na kila asubuhi nikipita na mtoto roho inaniuma.

Kwa hivyo nawaomba wenzangu wa kamati, kabla ya kuuliza bei ulizeni jina litasajiliwa kwa nani. KeNIC ndilo shirika linalosimamia majina ya tovuti ya Kenya, yale yanayoishia na .ke, na mnasajili kupitia kwa mawakala wake. Shule zina .sc.ke yao, vyuo .ac.ke, na vyama visivyo vya biashara .or.ke. Wekeni jina la shule, imeili ya shule na simu ya ofisi, si ya mwalimu ambaye kesho anahamishiwa Kwale. Hapo hata fundi akipotea mnatafuta mwengine kazi inaendelea.

Programu zenyewe nyingi ni za bure. Google Workspace for Education ina toleo la Fundamentals, shule ikikubaliwa hailipi kitu, mnapata imeili, Classroom ya kugawia kazi za darasani na nafasi ya 100 TB ya kutumia shule nzima. WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, iko tangu 2003 na ni bure. Moodle, ya kuwekea masomo mtandaoni, pia bure, tangu 2002, lakini hiyo yataka seva, yaani kompyuta ya kuihifadhi, na mtu wa kuiangalia, afanye apdeti, aweke bakapu, sasa kama hamna mtu huyo msijitie, mtaanza vizuri halafu muhula wa pili imelala.

Kwenye chama tulijiwa na mtu na programu ya kulipia kila mwezi, tena kwa dola, na wanachama wakiongezeka bei nayo inapanda. Nikamuuliza jambo moja tu, siku tukitaka kuondoka, orodha yetu ya wanachama na michango tunatoka nayo vipi? Akazunguka weee, jibu hakuna. Tukabaki na Google Sheets, jedwali la mtandaoni. Michango inaingia kwa Paybill, mweka hazina anapakua taarifa ya M-Pesa tunakaa sebuleni kwake tunalinganisha mstari kwa mstari, na mwezi uliopita tulikuta mama mmoja ametuma 500 mara mbili, tukamrudishia siku ileile. Programu ya dola ingetufanyia nini zaidi?

Halafu kuna hili la namba za vitambulisho na picha za watoto. Sheria ya Kulinda Data ni ya 2019, na taarifa za mtoto zinataka idhini ya mzazi, lakini utaona shule inabandika majina na alama za darasa zima mtandaoni kila mtu asome. Hiyo si haki kwa watoto wetu.

Na tovuti ikishatengenezwa msiikague kwa laptopu ya fundi. Ifungueni kwa simu ya bei ya chini pale sokoni Kongowea, kwa bando ya shilingi ishirini, kwa sababu mzazi ataifungulia hapo hapo, na ikichukua dakika nzima kufunguka hatarudi tena.

Shule sasa imesajili jina upya. Paswadi tumeziandika kwenye bahasha mbili zilizofungwa, moja kwa mwalimu mkuu na moja kwa mwenyekiti wa wazazi, na tarehe ya kulipia imeandikwa kwa kalamu nyekundu ukutani pale ofisini.

Mzazi,
Kisauni, Mombasa