Tanga inahitaji banda la kivuli, si nyumba ya vioo

Ndugu Mhariri,

Watu wa Tanga wanaobahatika kuingia Palm House, nyumba ya vioo ya mitende katika bustani ya Kew, London, hurudi wakitamani na sisi tujengewe moja kwa ajili ya Saintpaulia, ua letu la zambarau la Usambara. Nia ni njema, lakini jengo la aina hiyo halifai pwani.

Palm House ilijengwa kati ya 1844 na 1848 kwa kazi ya Decimus Burton na fundi chuma Richard Turner, ili joto lisitoroke katika nchi ya baridi. Jua hupenya vioo vipatavyo 16,000, hupasha sakafu na majani, na hewa ikishapata moto haina pa kutokea. Anayekwenda apande ngazi ya mzunguko hadi ujia wa juu. Joto lote limekusanyika huko. Akague pia fito zinazoshika vioo. Unyevu ulikula chuma mpaka miaka ya 1980 ikabidi mimea yote ihamishwe na jengo lifumuliwe, zikawekwa fito za chuma kisichoshika kutu.

Hapa kwetu, nje kukiwa na nyuzi 32, ndani ya vioo kutapita 40 kirahisi. Saintpaulia huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu; ndani ya vioo itababuka kabla ya adhuhuri. Na upepo wetu una chumvi inayokula chuma.

Kinachofaa ni banda: nguzo za zege, wavu wa kivuli unaozuia asilimia 70 ya mwanga, uliotandazwa mita 3 juu au zaidi, pande zote wazi. Sakafu iwe ya kokoto, imwagiwe maji asubuhi. Yakikauka taratibu hupooza hewa. Vyungu vitobolewe chini, maana mizizi ikituamiwa na maji huoza. Maji yaelekezwe kwenye udongo, kwani jani lililolowa likipigwa na jua hutoka mabaka.

Fedha itakayobaki ipelekwe Amani, Muheza, ambako bustani ya miti iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 haihitaji paa lolote. Huko vitengenezwe vibao vya majina vya alumini, vifungwe kwa waya wenye springi unaotanuka shina linaponenepa. Kibao kikipigiliwa misumari hadi mwisho, gome hukimeza.

Mtunza bustani,
Tanga