Vijana wangu wa mjini, moshi hauishii kifuani

Wanangu, salaam. Nawaandikia kama mzee wenu na sijaja kuwasema, maana mshasemwa vya kutosha, kila siku mnaambiwa hamtulii, hamkumbuki, simu zimewaharibu. Simu zina lake sikatai, ila kuna kitu mnakivuta kila siku kwenye foleni na hakuna anayekitaja watu wakiongelea akili zenu, nacho ni hewa.

Wengi tumezoea kwamba moshi ni habari ya kikohozi na pumu basi. Lakini zile chembe ndogo wanazoziita PM2.5, yaani zisizozidi maikromita 2.5, unywele mmoja unazizidi unene karibu mara 30, hizo huwezi kuzikohoa zikatoka. Zinashuka mpaka mwisho wa mapafu, zile ndogo kabisa zinaingia kwenye damu, na nyingine zinaweza kupanda puani kwa kufuata neva za kunusia mpaka kwenye ubongo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster wakiongozwa na Barbara Maher walichunguza ubongo wa watu waliofariki Mexico City na Manchester, wakakuta vipunje vya madini ya chuma vya aina inayotokea kwenye moto mkali kama wa injini. Chuma ndani ya ubongo jamani! Na seli za ulinzi za ubongo zikikutana na uchafu wa hivyo zinapambana, zikipambana kila siku bila kupumzika zinaanza kuumiza hata seli zenye afya zilizo jirani.

Sasa mbona nawaandikia nyie na sio wazee wenzangu? Sisi pia hatujapona, tume ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2020 iliweka uchafuzi wa hewa kwenye orodha ya vitu vinavyoongeza hatari ya ule ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Ila ubongo wenu bado unajengwa, mpaka miaka 25 hivi, na sehemu ya mbele, ile ya kupanga mambo na kujizuia, ndio inamalizika mwisho. Huko Barcelona, Hispania, watafiti walifuatilia watoto zaidi ya 2,700 wa shule 39 kwa mwaka mzima, majibu yakatoka 2015: kumbukumbu ile ya kushika namba kichwani huku unapiga hesabu, kwenye shule zenye moshi mwingi wa magari iliongezeka kwa asilimia 7.4, kwenye hewa nzuri zaidi asilimia 11.5. Mimi hii ndio ilininyima usingizi, maana mtoto wa hivyo ataitwa mvivu.

Msinielewe vibaya, simaanishi kila anayefeli au anayeumwa msongo ni moshi, kuna umaskini, kelele, kukosa usingizi, na hivi mara nyingi vinakaa mtaa mmoja na moshi. Ukiona akili haiko sawa nenda hospitali, usikae unalaumu magari.

Ya kufanya yapo. Mazoezi ya kukimbia kando ya barabara kubwa saa za foleni acheni, unavuta hewa nyingi kuliko aliyekaa, piteni barabara za ndani, hata mtaa mmoja nyuma unapunguza. Barakoa ya kitambaa haizuii vya kutosha hizi chembe, inayosaidia ni N95, ile ya kuchuja chembe ndogo, iliyobana vizuri usoni. Msichome plastiki, na wenye magari na pikipiki zimeni injini mkisubiri mtu.

Lakini sitaki mbebe mzigo wote peke yenu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha PM2.5 kinachopendekezwa kwa wastani wa mwaka kutoka maikrogramu 10 mpaka 5 kwa kila mita ya ujazo, na linasema asilimia 99 ya watu duniani wanavuta hewa isiyofikia viwango vyake, kwahiyo barakoa haiwezi kumaliza hili. Petroli yenye madini ya risasi, iliyoharibu akili za watoto miaka mingi, iliondoka kwa maamuzi ya serikali, Algeria ikamalizia kama nchi ya mwisho kuiuza 2021. Kwahiyo dai linawezekana. Anzeni na geti la shule au chuo chenu, andikeni barua muweke majina yenu, mabasi yasisimame pale yakinguruma, halafu waulizeni manispaa vipimo vya hewa ya mtaa wenu, wakisema hawana mashine waulizeni inakuja lini.