Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Niliwaahidi mkutano mkuu wa chama chetu, chenye watu wa Kongo, Rwanda na Burundi, ufanyike Goma, mashariki mwa Kongo. Mwishoni mwa Januari mji ukaingia mikononi mwa M23, waasi wanaodaiwa kusaidiwa na Rwanda, katikati ya Februari ukafuata Bukavu, tukahamia Arusha.

Kufika tu kulikuwa kazi. Mpaka wa Burundi na Rwanda ulikuwa umefungwa tangu Januari 2024, kwa hiyo wenzetu wa Bujumbura waliingia Tanzania kwa Kobero na wa Kigali kwa Rusumo. Wa Goma, uwanja wao wa ndege ukiwa umefungwa, walivuka Gisenyi, upande wa Rwanda, wakapandia ndege Kigali. Mmoja alinisihi jina lake lisionekane popote, kwani kwao kupita Kigali kunatosha mtu kuitwa msaliti. Ndiyo sababu safari hii hamuoni orodha ya waliohudhuria.

Siku ya kwanza ilitushinda. Tulitaka tamko la pamoja kuhusu makubaliano ya amani ya Kongo na Rwanda yaliyosainiwa Washington tarehe 27 Juni. Wakongomani walishikilia neno "uvamizi" kwa Rwanda. Wanyarwanda hawakukubali sentensi yoyote isiyoanza na FDLR, waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Kongo. Saa nne usiku nikafunga daftari. Kwa maoni yangu, heri tamko halikutoka. Kwa amani ya Maziwa Makuu tuna Mkataba wa Nairobi wa 2006, tuna wa Addis Ababa wa 2013 wenye saini za nchi 11. Karatasi hazijapungua.

Kesho yake tulizungumzia Ziwa Kivu. Kwenye maji yake ya kina kuna methani inayokadiriwa mita za ujazo bilioni 60, na kaboni dioksidi mara tano ya hapo. Ziwa likichafuka na gesi hiyo ikatoka, halitauliza pasipoti. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, watu wa Goma walikimbilia Rwanda, na matetemeko yakapasua nyumba pande zote mbili. Mwenzetu wa Goma alikuwa akichora nyufa hizo nyuma ya ratiba ya mkutano; wa Rwanda akamwomba kalamu, akaendeleza mstari hadi ndani ya Gisenyi, akasema, "Hapa umekosea, ufa ulipita nyuma ya soko." Jana yake hawakusalimiana. (Yote haya kwa Kiswahili. Mkalimani alishinda akinywa chai, tukamlipa hivyo hivyo.)

Tumeunda kikundi cha ziwa na volkano, wanachama wake wabadilishane vipimo moja kwa moja. Wapo wanaosema tunaikimbia siasa. Sikatai. Lakini wanasayansi wa kambi mbili za Vita Baridi walioanza kukutana Pugwash, Kanada, mwaka 1957, walitumia miaka wakibishana jinsi ya kutofautisha tetemeko na bomu la nyuklia lililolipuliwa chini ya ardhi. Mkataba wa 1963 wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia uliacha nje yale ya chini ya ardhi, kwa kuwa wakubwa hawakuafikiana juu ya ukaguzi. Hata hivyo wanasayansi hao waliendelea kukutana.

Hazina: ada za Goma hazikuingia, benki za huko zikiwa zimefungwa. Kamati imezisamehe, na hilo silirudishi mezani. Mfadhili mmoja amejitoa. Mengine atayasoma mhasibu.

Tarehe 4 Desemba marais wa Kongo na Rwanda walitia saini ya amani Washington. Siku chache baadaye M23 wakaingia Uvira, mji wa Kongo kando ya ziwa Tanganyika. Mjumbe wetu wa huko alivukia Burundi na familia yake, akaacha daftari la vipimo vya ziwa Tanganyika mezani. Kiti chake kwenye kamati bado ni chake. Mkutano ujao utakuwa pale atakapoweza kufika.