Malalamiko dhidi ya meneja wa tawi lenu la Kigoma

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Makao Makuu ya Benki,
Dar es Salaam.

YAH: KUFUKUZWA TAWINI NA KUTANGAZIWA DENI LANGU MBELE YA WATEJA

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa heshima, ila naomba heshima hiyo usiichukulie kwamba nimepoa. Sijapoa.

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, nilifika tawini na vijana watano wa kikundi cha sabuni ya mawese kutoka Ujiji. Tulikwenda kufungua akaunti ya kikundi. Masharti yenu mnayajua, siyarudii. Katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, barua ya mtendaji wa kata, vitambulisho vya NIDA, picha, vyote vilikuwemo kwenye faili. Dada wa dirishani alikagua karatasi moja baada ya nyingine, akasema "mko vizuri", akaingia ofisini kuchukua saini ya meneja.

Meneja akatoka mwenyewe, faili mkononi. Hakutusalimia. Alisimama katikati ya ukumbi, foleni imefika mlangoni, akasema kwa sauti ya kuhutubia: "Mama, si wewe uliyesema jukwaani kwamba mabenki yanakula na serikali? Nenda kakiambie chama chako kiwafungulie benki." Halafu akaongeza: "Na mkopo wako mwenyewe hujaumaliza." Akataja kiasi kilichobaki. Akalitupa faili juu ya kaunta, likateleza, picha za vijana zikamwagika sakafuni.

Kwanza, maneno ya "kula na serikali" sikuyasema. Nilichosema pale uwanja wa Mwanga Community nakirudia hapa ili usisimuliwe na mtu mwingine. Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza fungu la shilingi trilioni 1 la kuyakopesha mabenki kwa riba ya asilimia 3, ili mkulima naye akopeshwe kwa riba isiyozidi asilimia 10. Nikauliza: ni mkulima gani wa michikichi hapa Kigoma aliyekopeshwa kwa asilimia 10? Anyooshe mkono. Hakunyoosha mtu. Nikauliza tena: serikali inawaambia vijana wajiajiri, wakienda benki wanaambiwa walete hati ya nyumba au hati ya mshahara. Asiye na ajira ataitoa wapi hati ya mshahara? Serikali hiyohiyo tangu 2018 imekuwa ikihimiza mkoa huu upande michikichi. Mawese yapo. Mtaji uko wapi? Swali hilo niliielekezea Wizara ya Fedha. Benki yenu sikuitaja. Meneja wenu ndiye aliyeamua kwamba limemgusa.

Kuuliza ndiyo kazi niliyotumwa na wananchi. Kuanzia 2015 hadi 2020 nilikuwa diwani wa viti maalumu, manispaa ya Kigoma Ujiji ikiwa chini ya ACT Wazalendo. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilipofunga mabenki matano kwa siku moja, zikiwemo benki za wananchi za Njombe na Meru, akina mama wa vikundi walinijia nyumbani usiku. Walikuwa wamesikia kwamba Bima ya Amana, ile inayomfidia mteja benki ikifungwa, inalinda mwisho shilingi 1,500,000. Niliuliza barazani, na nikaliandikia tawi lenu hilohilo. Meneja wa wakati ule alinijibu kwa barua ya kurasa mbili, kwa adabu, kisha akaja kuzungumza na wale mama. Hakuniuliza chama. Kiwango hicho cha bima kimepandishwa baadaye hadi shilingi 7,500,000, kwa hiyo hofu ya mama wale haikuwa ya bure. Na tozo za miamala za 2021, zilizofika hadi kwenye benki 2022, hazikupunguzwa kwa watu kukaa kimya.

Narudi kwenye Jumanne, kwa sababu kuna niliyoyaruka na yananinyima usingizi.

Aliposema "nenda kakiambie chama chako", alinyoosha kidole mpaka karibu na uso wangu. Mimi nina miaka 58. Mzee mmoja kwenye foleni akamwambia, "Mwanangu, huyo ni mama yako." Akamjibu, "Mzee, tulia kwenye foleni." Hapo ndipo alipolitaja deni langu, na hakulitaja kwa kukosea. Alikuwa ameliandika kwenye kikaratasi, akakisoma. Maana yake ni kwamba kabla hajatoka ofisini alifungua akaunti yangu kwenye kompyuta, akanakili, akaja nayo. Sikuwa nimeomba huduma yoyote kwenye akaunti yangu siku hiyo.

Picha zilipomwagika, aliyeinama kuziokota ni katibu wa kikundi. Binti huyo ana shahada ya ualimu. Amejitolea kufundisha sekondari miaka mitatu akisubiri ajira, kila zikitangazwa anaomba, jina halitoki. Sasa anachemsha sabuni, na vidole vyake vimebabuka kwa kostiki. Alikuwa anaokota kwa kucha, maana picha za pasipoti hazishikiki kwenye vigae. Mlinzi aliyekuwa ameitwa kututoa akaikanyaga moja. Ilikuwa ya kwake. Aliifuta kwa khanga yake, akairudisha kwenye faili, akaniambia, "Mama Diwani, twende tu." Nimewahi kuzomewa jukwaani na kulala mahabusu kwa ajili ya mkutano. Hakuna lililonivunja kama hilo "twende tu".

Siku ileile saa nane mchana, mume wangu akiwa mwaloni Kibirizi kwenye biashara yake ya dagaa, aliulizwa na mtu kama tumeshindwa kulipa benki. Mkopo ule nilichukua kwa ajili ya ada ya chuo ya mtoto wetu wa mwisho na sijawahi kuchelewesha rejesho hata mwezi mmoja. Angalieni kumbukumbu zenu. Kuanzia siku hiyo nikipita sokoni napewa pole ya deni.

Jumatano nilimpigia simu meneja, nikidhani amelala akatafakari. Akaniambia ni "sera ya benki kuhusu watu wenye nyadhifa za kisiasa". Sera hiyo mnaijua kuliko mimi. Inataka uchunguzi wa ziada, haisemi mtu afokewe ukumbini. Mimi sina wadhifa tangu 2020. Akaunti haikuwa yangu. Mimi ni mlezi wa kikundi, hata mtia saini si mimi. Na wiki mbili kabla, kikundi kilicholetwa na diwani wa chama tawala kilifunguliwa akaunti siku hiyohiyo. Nilikifurahia, maana nao ni vijana wetu. Niambieni tofauti ni nini, kama si rangi ya kadi.

Vijana hawa wanataka akaunti hiyo waombe mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, usio na riba. Mikopo ilisimamishwa Aprili 2023, wakangoja. Ilipofunguliwa tena wakaandaa kikundi upya. Sasa maombi yanafungwa mwisho wa mwezi huu, na bila namba ya akaunti fomu yao haipokelewi.

Nilipoanza barua hii nilitaka mambo mawili tu: akaunti ifunguliwe ndani ya siku saba, na meneja aniombe radhi. Nimeisoma tena nilipofika kwenye picha ile, naona hayatoshi. Radhi waombwe vijana pia, kwa maandishi, na isomwe palepale ukumbini tulipodhalilishiwa, asubuhi, foleni ikiwepo. Nataka kumbukumbu ya kompyuta inayoonyesha nani alifungua akaunti yangu Jumanne, saa ngapi na kwa sababu gani. Picha za kamera ya ukumbini zihifadhiwe, zisifutwe. Na meneja huyo asikae tena kwenye kiti kinachomwezesha kuona deni la mtu.

Ninafahamu kwamba malalamiko huanzia kwenu, ndiyo maana nimeanzia kwenu. Siku 14 zikipita bila majibu ya maana, nakwenda dawati la malalamiko la Benki Kuu kwa kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za 2019, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa sheria ya 2022. Mwanasheria wa chama ameshaisoma nakala ya barua hii, na anasema siri ya mteja ina sheria yake tangu 2006. Mzee wa kwenye foleni amekubali kutoa ushahidi. Dada wa dirishani simtaji na ninaomba asisumbuliwe. Akihamishwa nitajua ni kwa sababu yangu.

Walimu wastaafu 23 tunaopokea pensheni kupitia tawi hilo tumekutana Jumapili. Wote wako tayari kuhama, na fomu tumeshazichukua kwa jirani yenu.

Mimi nitapanda tena jukwaa la Mwanga mwezi ujao. Swali la trilioni 1 nitalirudia, kwa kuwa bado halijajibiwa. Safari hii, kama akaunti ya vijana haijafunguliwa, benki yenu nitaitaja kwa jina.

Wenu,
Mteja wa tawi la Kigoma tangu 2009

Nakala: Mwenyekiti na Katibu wa kikundi, Ujiji