Kwako uliye jangwani, kabla hujawasha gari tena

Mdogo wangu,

Picha nimeiona. Binamu yetu ndiye aliyenionyesha, maana namba yangu umeifungia. Umesimama Quartzsite, huko Arizona, mbele ya kaburi la mawe lenye ngamia kileleni, mikono umeinua, unamsomea Fatiha Haji Ali. Umeandika kwa urefu: kwamba jeshi la Marekani lilimleta pamoja na ngamia mwaka 1856, kwamba watu walishindwa kulitamka jina lake wakamwita Hi Jolly, kwamba alifariki hukohuko 1902. “Kafia ugenini, maskini.”

Nilikaa kitako barazani. Kaburi la mama yako lina miezi mitatu na hujalizuru.

Sikushangaa uliponunua gari la nyumba. Mimi na wewe tulilelewa kwenye lori. El Nino ya 1997, Tana imekula barabara, tukakwama Garsen siku nne, tunalala chini ya turubai juu ya magunia ya mchele. Baba anachemsha chai kando ya tairi, mimi nalia kwa mbu, wewe umekataa kushuka. “Hapa ndipo kwetu,” ulisema. Ulikuwa na miaka sita.

Na Mama alilipenda gari lako kuliko unavyodhani. Ulimweleza habari ya yale matangi mawili ya chini, moja la maji ya jikoni na ya kuogea, moja la choo, na unavyounga lile bomba nene kituoni: unamwaga kwanza la choo, kisha yale ya sabuni yanapita yakilisafisha bomba. Alilisimulia mtaani kwetu Shela nzima. Swali lake lilikuwa moja tu: “Nyumba yenyewe yageuka, kibla ataijuaje?” Ukamtumia picha ya dira uliyoibandika juu ya sinki. Usiku ule alilala simu iko kifuani.

Lakini ile simu ya mwisho siwezi kuisamehe. Ulikuwa usiku wa kuamkia Alhamisi, saa kumi kasoro, na kwenu jua la Jumatano linazama. Mama ameketi kitandani, mto mgongoni, leso ameifunga vizuri kichwani kwa ajili yako. Mimi ndiye niliyemshikia simu. Akasema, “Hebu nikuone, mwanangu.” Ukasema, “Subiri uone hili kwanza, Mama,” ukaigeuza kamera. Tukaona milima myeusi, mbingu nyekundu, magari meupe yametapakaa kama ngalawa maji yakipwa. Akasema, “Nakutaka wewe.” Ukasema, “Waiona ile rangi?” Kisha picha ikaganda. Ndivyo mtandao wa huko ulivyo Januari, magari yakifurika. Mama akapitisha kidole juu ya kioo, polepole, kama mtu afutaye vumbi, akikutafuta.

Alifariki Ijumaa alfajiri.

Wasema hatukukungoja tumzike. Nilipiga mara saba. Kwenu ilikuwa Alhamisi saa moja jioni, hupatikani. Maiti hawekwi, hilo wewe walijua. Aliswaliwa baada ya swala ya Ijumaa, na saa hiyo wewe umelala. Hata ungepata habari palepale, kutoka hapo ulipo hadi Phoenix ni kilomita kama 200 za barabara kuu ya Interstate 10, kisha ndege juu ya ndege mpaka Mombasa. Usingemkuta.

Nikushauri, maana mimi bado ni dada yako. Ukikaa huko nyikani kusiko na maji wala umeme wa kuchomeka, usitegemee laini moja ya simu. Au tafuta kambi ya kulipia yenye ofisi na mtu awezaye kuja kukugongea mlango usiku. Uache namba ya ofisi nyumbani kila unapohama. Ungefanya hivyo ningepiga hapo, wakakuamsha, nisingebaki peke yangu kuulizwa, “Ndugu yako yuwapi?” Wajomba wanauliza, majirani wanauliza, na sanda haijakatwa. Ningewaambia nini? Wangoje mpaka lini?

Na kuhusu ugonjwa, ndiyo, nilikwambia ni presha tu. Mama alinikataza. Alisema, “Mwacheni atembee.” Nilimtii. Wewe ungemkatalia?

Lile unalonilaumu, kwamba ulipiga simu yake nisipokee, pia ni kweli. Nilikuwa nayo mkononi. Saa kumi na moja jioni, wanaume wamesharudi kutoka makaburini, ndani hapana pa kukanyaga, ikalia. Jina lako, na ile picha umekaa kwenye ngazi ya gari. Niliitazama ikalia mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Wallahi sikuweza kulitamka neno lile. Wala sikudhani utalisoma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, katikati ya pole za watu. Siku hizi nikifunga macho nakuona unasoma, umesimama karibu na ile dira.

Kibali chako cha msimu pale La Posa, hapo jangwani ulipoegesha, kinaisha Aprili 15, na ukishaingia barabarani hakuna ajuaye ulipo. Simu ya Mama bado naichaji. Naitia kredi kila mwezi, laini isije ikafungwa. Ipigie. Saa yoyote, hata kama kwetu ni usiku wa manane, nitapokea. Na kamera uielekeze usoni mwako.